Miche ya Njano ya Kilima cha Nyuma

Wanangu, nasikia siku hizi Songea hakuna mtu asiye na shamba la miti. Mwalimu analo, nesi analo, na fundi simu wa Majengo ambaye hajashika jembe tangu atoke kwao naye analo, huko njia ya Madaba, pamoja na picha aliyopigwa katikati ya miche akiwa amevaa viatu vyeupe. Nawapongeza. Mimi nilifanya kazi kwenye kitalu cha misindano, ile miti ambayo vitabuni inaitwa misonobari. Nilianza nikiwa msichana wa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, nikastaafu nikiwa msimamizi, na katika miaka yote hiyo kazi haikuniruhusu viatu vyeupe hata siku moja.

Sasa nimestaafu na nina simu, basi nimegeuka zahanati ya miti. Juzi alinipigia mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye heshima zake. Shikamoo ndefu, habari za nyumbani, habari za afya, kisha akafika kwenye shida: misindano yake imekuwa njano na haikui. Nikamuuliza udongo wa viriba aliutoa wapi. Akasema kwa fahari kwamba ni udongo safi, kauchekecha mwenyewe, umetoka mtoni.

"Mwalimu," nikamwambia, "miche yako haina fangasi."

"Afadhali," akasema. "Mimi nilishanunua mpaka dawa."

"Si afadhali. Ugonjwa wenyewe ndio huo, kukosa fangasi."

Simu ikakatika. Nadhani aliikata yeye, akaenda kutafuta bibi mwingine mwenye akili timamu.

Basi niwaeleze ninyi mnaoweza kukata simu lakini mmeshaanza kusoma. Msindano ni mti mkubwa wenye mizizi mizembe. Ukiuacha peke yake kwenye udongo wetu huu mwekundu, unasimama pale ukilia njaa huku chakula kipo. Unachohitaji ni kuvu, ndiyo hiyo fangasi, nyuzi nyembamba nyeupe zinazouvaa mzizi na kwenda mbali ardhini kutafuta maji na chakula, halafu mti nao unailisha kuvu hiyo sukari inayotengenezwa na majani. Ng'oa mche wenye afya utaona ncha za mizizi zimenenepa na kugawanyika mbili mbili. Ng'oa mche wa njano utaona mizizi mikavu, mirefu, isiyo na mwenzake. Miombo yetu nayo ina kuvu yake, na uyoga mnaogombania kando ya barabara mvua zikianza ni matunda ya kuvu hiyo. Lakini kuvu ya miombo na msindano hawaelewani. Msindano ni mgeni, na mwenzake ni mgeni vilevile. Mbegu zake zililetwa kwenye mifuko, ila kuvu haikai kwenye mbegu, inakaa kwenye udongo. Kwa hiyo kila mahali mnapouona msindano umesitawi, kuna mtu aliyepeleka udongo hapo, ajue au asijue.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaojua. Aliyetufundisha ni Mzee Gervas, msimamizi wetu wa kwanza, mfupi, mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Kitalu kipya kikifunguliwa, Mzee Gervas hakutazama mbegu kwanza. Alikwenda kwenye shamba la zamani, akachagua msindano mzee, akafagia majani makavu na kuchota ule udongo mweusi wa chini wenye nyuzi nyeupe. Aliuita udongo mama. Magunia yake yalifunikwa kwa majani mabichi yasipigwe na jua, na mtu akiyakalia alifokewa mbele za watu. Konzi chache za udongo huo kwenye kila toroli la udongo wa kawaida, basi, miche inatoka ya kijani ya kupendeza.

Alitulazimisha pia kuushika kwa moyo wa amani, eti aliyegombana nyumbani asubuhi asiuguse. Kwa sheria hiyo kuna wiki nzima hatukupata mtu wa kuchanganya udongo, maana ulikuwa msimu wa pombe mpya na kila nyumba ilikuwa imegombana. Mwishowe ikabidi wagombanao wasameheane pale kitaluni mbele yake, kazi iendelee. Sijawahi kuona utafiti wowote unaosema kuvu inachukia ugomvi. Lakini ndoa kadhaa za pale zilidumu kwa ajili ya misindano, na hilo nalo si dogo.

Kuna mwaka afisa wetu aliagiza udongo wote wa kitalu uchomwe kabla ya kupanda, kwa sababu miche ilikuwa inaoza shingo na kulala. Alikuwa sahihi, niseme ukweli. Ugonjwa ulikuwepo na moto uliumaliza. Tukakata mapipa, tukayageuza makaango, tukakaanga udongo kutwa nzima huku tukiimba. Mzee Gervas alikuwa kijijini kwao kwenye msiba. Udongo wa kawaida ulipokwisha, tukayaona magunia ya udongo mama yamekaa kando, na amri ilisema udongo wote. Tukaukaanga. Ulinukia vizuri sana, harufu ya uyoga ukiwa kikaangoni, na dada mmoja akasema njaa imemshika. Hakuna aliyejiuliza kwa nini udongo unanukia mboga.

Mzee Gervas aliporudi akanusa hewa pale langoni. Akauliza, "Mmepika nini?" Tulipomwambia, alikaa juu ya toroli akavua kofia. Mwaka huo tulitoa miche isiyooza hata mmoja, yote imesimama wima, yote ya njano. Afisa aliikagua akasema usafi umeboreka.

Na safari ya Namtumbo je? Huko walifungua kitalu kidogo, nikatumwa kupeleka udongo mama kwenye gari la mizigo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akagonga gunia kwa fimbo.

"Mama, umebeba nini?"

"Udongo."

"Kwani Namtumbo hawana udongo?"

"Wanao, ila hauna mambo."

Hapo nilikosea, maana Namtumbo ni kwenye madini, na mwanamke anayesafirisha udongo wenye mambo anahitaji maelezo marefu. Gunia likafunguliwa, likamwagwa, likapekuliwa kwa kijiti. Akaja mkubwa wao, akauonja kwa ncha ya ulimi. Sijui alitegemea ladha gani. Akatema, akasema niende na uchafu wangu.

Nimewasimulia haya mcheke kidogo kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, ambalo mimi sikulicheka.

Kuna kijiji sitakitaja, kwa sababu mwenyekiti wake bado ananisalimia. Kiko kando ya barabara ya Njombe, kabla hujafika Madaba. Kina vilima viwili vya nyasi, na wenyeji hawakujisumbua na majina. Kilicho karibu na barabara ni Kilima cha Mbele na kilichojificha nyuma yake ni Kilima cha Nyuma. Chini ya kila kimoja kuna chemchemi na bonde lake la mboga. Ng'ambo ya barabara kuna shamba la zamani la misindano, na kwa miaka mingi upepo ulivusha mbegu zake mpaka vilimani. Ziliota. Tunayaita maotea, mimea inayojipanda yenyewe. Yalifika urefu wa kiganja, yakawa njano, yakafa ndani ya nyasi. Wazee wakasema vilima vimekataa wageni. Sisi wa kitalu tuliwacheka wazee, ingawa kusema kweli walikuwa hawajakosea sana.

Kwenye bonde la Kilima cha Mbele alilima rafiki yangu Osmunda, ambaye wote tulimwita Mama Fridolin. Tulijaza viriba pamoja tukiwa wasichana. Aliacha kazi mapema, akasema amechoka kukuza miti ya watu, anataka kukuza kitu cha kuliwa. Kabichi zake, chainizi na mnavu vililetwa sokoni Majengo kiangazi chote, wakati wengine wanauza mboga zilizonyauka. Mume alikufa watoto wakiwa wadogo, na chemchemi ile ndiyo iliyowalea.

Kisha ikaja siku ya kupanda miti. Mgeni rasmi, maturubai, spika, ngoma. Kaulimbiu ilihusu kutunza vyanzo vya maji, na ili kuvitunza wakaamua kuizungushia miti chemchemi ya Kilima cha Mbele. Miti gani? Ile iliyokuwa imejaa kitaluni, misindano. Miti inayokunywa maji hayo hayo mliyokuja kuyatunza, lakini ilikuwa ya kijani na ilitosha kwenye picha. Mgeni rasmi alipanda wa kwake pamoja na kiriba cha plastiki, hakukitoa, na tukapiga makofi. Mche wake ulikufa. Mingi ilikufa, mbuzi wakala, moto ukapita. Michache ikasimama, na ndani ya kila kiriba mlikuwa na udongo mama wa Mzee Gervas.

Mvua za miaka iliyofuata, Mama Fridolin akaja kwangu na mfuko. Ndani mlikuwa na uyoga wa kahawia unaoteleza, chini yake una matundu madogo ya manjano badala ya mikunjo.

"Dada, uyoga gani huu una kamasi?"

Nikamwambia ni uyoga wa misindano, umejaa kule shambani kwetu.

"Sasa umefikaje kwangu? Nguruwe pori wanaufukua, wanakula, wanazunguka nao kilima kizima."

Alikuwa amejijibu mwenyewe. Kuvu ilikuwa imepata kilima, nguruwe wanaipanda kwa mavi yao, na upepo haukuwa umeacha kuleta mbegu. Yale maotea ya kila mwaka, badala ya kufa, yakaanza kupata rangi. Kilima cha nyasi kikaota vinyweleo, kisha ndevu, kisha kikawa msitu ambao hakuna aliyeupanda. Wazee hawakusema tena kwamba kilima kinakataa. Vijana wakasema Mungu ametoa. Chemchemi ikapungua, ikawa matope, na kiangazi kimoja Mama Fridolin akakuta vyura wamehama. Akahamishia majembe yake kwenye bonde la Kilima cha Nyuma, ambako maotea yalikuwa bado ya njano na maji bado yanatoka baridi. Baada ya hapo hakukuwa na kilima cha tatu.

Wakati huo nilikuwa nimeshastaafu. Alikuja binti wa chuo anaitwa Neema kufanya utafiti wake, akaelekezwa kwangu. Mpole, mchapakazi, na alijua mambo ambayo mimi nilikuwa nayafanya tu. Kwa mfano nilimwambia tuwe tunachuma ule uyoga wote, kuvu iishe. Akacheka kwa adabu.

"Bibi, hiyo ni kuchuma mapapai ukidhani umeung'oa mpapai. Yenyewe iko chini."

Akachimba maotea ya Kilima cha Mbele akatuonyesha mizizi iliyonenepa na nyuzi zake nyeupe. Akachimba ya Kilima cha Nyuma, mizizi mitupu. Akamwambia Mama Fridolin maneno ambayo kijiji kizima kiliyasikia: huku nyuma bado kuvu haijafika, au haijashika. Msilete udongo wa mbele huku nyuma.

Maneno mepesi kabisa. Kwa hiyo yakahitaji mkutano.

Mkutano uliitishwa kwa sababu ya Fridolin. Huyu ni mtoto wa Mama Fridolin, mtu mzima sasa, ana pikipiki na kikundi cha vijana chenye fulana za kijani. Alikuwa na mpango. Maotea ya Kilima cha Mbele ni mengi mno, yamebanana, kwa nini yasichimbwe na mizizi yake na udongo wake, yakapandwa Kilima cha Nyuma? Miche ya bure, shamba la kijiji, nguzo za umeme baada ya miaka. Alisema "fursa" mara nyingi kiasi kwamba bibi mmoja nyuma yangu aliuliza Fursa ni mtoto wa nani.

Mama Fridolin akasimama.

"Mwenyekiti, mwanangu anataka kupanda miti juu ya maji ninayomwagilia."

"Mama, mboga zina nini?" Fridolin akasema. "Dunia imebadilika."

"Hizo mboga ndizo zilizokusomesha mpaka ukajua kusema fursa."

Watu wakacheka, na Fridolin akainamia simu yake. Neema akaitwa aeleze. Akaeleza vizuri, kwa mfano wa mizizi mkononi. Nikaitwa na mimi, nikasema kwa ufupi kwamba miche haitoki na udongo peke yake, inatoka na kila kilichomo. Mwenyekiti akafupisha: "Kwa hiyo, ndugu wananchi, tunapiga vita fangasi." Haikuwa hivyo kabisa, lakini ilitosha. Wakapitisha mambo mawili. Kilima cha Nyuma kisiguswe, na hakuna mtu kupeleka udongo huko. Maotea ya Kilima cha Mbele yang'olewe kwa kazi ya pamoja mvua zikilainisha ardhi. Hata Fridolin alinyoosha mkono, ingawa aliunyoosha nusu.

Mama Fridolin alifurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake. Akajitolea kuwa mwenye kazi. Siku ya kung'oa, yeye ndiye atakayewapa watu togwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Hapa lazima niwaambie desturi ya pale, maana ninyi wa mjini mkimaliza kazi mnaenda kuoga kwenu. Pale, ukialikwa kwenye kazi ya mtu, huondoki na udongo wa kazi hiyo kwenye jembe. Unanawa jembe na miguu kwenye maji ya mwenye kazi, yeye akiona, ndipo anakupa kikombe. Ni kusema kazi nimeimaliza kwa moyo safi, sikudai na hunidai. Anayekunywa na jembe lenye udongo anaonekana hana malezi.

Siku ilipofika niliamka mapema nikapanda gari kutoka mjini. Mwenyekiti alinipokea kwa heshima zote, na heshima za mwenyekiti yule ni kumkalisha mgeni sebuleni kwake mpaka kuku aive. Kila nikitaka kuinuka, "Tulia Mama Kitalu, kazi ni ya vijana." Kuku alikuwa jogoo mzee. Nilipoachiwa, yeye mwenyekiti alishatangulia, na kazi ilikuwa imekwisha. Kutoka barabarani nilikiona Kilima cha Mbele kimenyolewa vizuri upande mzima, maotea yamelazwa mafungu mafungu, mizizi juu. Niliona fahari. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda bondeni kwa Mama Fridolin kupokea vikombe.

Nilipozunguka kilima nikawakuta. Walikuwa wamepanga foleni kwenye chemchemi ya Kilima cha Nyuma, wanawake kwa wanaume, wanacheka, matope mekundu mpaka magotini, na kila mmoja anainama kusugua jembe lake kwa kifungu cha majani. Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Waliokwisha kunawa walikuwa wamepanda kidogo kwenye mteremko, wamekaa kwenye nyasi katikati ya vile vimche vya njano, wanakung'uta suruali zao.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunanawa majembe, Mama Kitalu," mwenyekiti akasema. "Karibu ulanzi."

Wanangu, hakuna hata mmoja aliyevunja azimio. Mngemsimamisha yeyote pale mkamuuliza kama amepeleka udongo Kilima cha Nyuma, angeapa kwamba hakupeleka, na angekuwa anasema kweli yake. Udongo ni kitu unachokibeba kwa makusudi, kwenye gunia, kwenye kiriba, kwenye toroli. Kilichoganda kwenye jembe si udongo, ni uchafu. Na uchafu, mtu mwenye malezi anaunawa.

Mama Fridolin alikuwa ameshika ndoo ya ulanzi. Aliniangalia mimi, akaangalia majembe, akaangalia maji. Alijaza viriba pamoja nami, alichanganya konzi za udongo mama na kuona konzi moja inavyofanya kazi, sikuhitaji kumweleza. Nilitegemea atapiga kelele. Akamjazia mtu wa mbele kikombe, akasema asante kwa kazi, akamwita anayefuata. Walikuwa wageni wake, wamekuja kumfanyia wema, na walikuwa wanamheshimu kwa namna wanayoijua. Mimi nilikaa chini nikalia kwa hasira, wakasema bibi amechoka na safari.

Nilimpigia Neema. Akasema huenda nguruwe wangeifikisha kuvu huko hata hivyo, pengine walishaifikisha, haijulikani. "Ila nguruwe wangechukua miaka, Bibi. Nyinyi mmeipa lifti."

Ninyi mtakaochuma faida, basi shikeni angalau hili, kwa kuwa mimi sitakuwa na simu milele. Ukitoka kwenye shamba la misindano, nawa viatu na majembe palepale shambani, siyo mtoni, siyo kwa jirani. Maotea yang'oe ardhi ikiwa imelowa, yakung'ute papo hapo, yaache mizizi ikitazama jua. Usihamishe mche hata kama ni mzuri kiasi gani. Na ukiona maotea ya njano kwenye kilima cha nyasi, usiyaonee huruma ukakimbia kuyatibu. Njano ile ndiyo ulinzi wa maji ya mtu.

Na mkiambiwa mche ni mche tu, ulizeni una nini mfukoni. Nimeona wataalamu wa kila aina na wasio wataalamu wa kila aina wakibishana kuhusu mbegu gani ni bora, mbolea gani, nafasi gani kati ya mti na mti. Sikuwahi kuona mtu akimuuliza mwenye kilima alikuwa ana mpango gani na maji yake.

Mvua za mwaka uliofuata simu iliita. Alikuwa Fridolin, sauti imejaa furaha.

"Shikamoo Mama Kitalu. Kilima cha Nyuma kimekubali."

Nikamuuliza kimekubali nini. Akanitumia picha. Kuanzia kwenye chemchemi kwenda juu, pale walipokaa watu, vimche vilikuwa vimeacha unjano. Vilikuwa vya kijani kile kile ambacho nilikitafuta maisha yangu yote kitaluni, kijani cha kupendeza, na mtu asiyejua angedhani ni habari njema. Fridolin alidhani hivyo. Aliniambia hawakupanda hata mmoja, azimio wameliheshimu, Mungu mwenyewe ndiye ametoa shamba.

Nikaenda. Nilimkuta Mama Fridolin mteremkoni, amefunga kanga kiunoni, anang'oa. Anashika mche chini kabisa, anauzungusha, anauvuta, anaukung'uta, anaulaza mizizi juu, anasogea. Hana haraka. Chini yake bonde lilikuwa bado linatoa maji, na kabichi zilikuwa zimeanza kujifunga. Alisema anakwea huko kila asubuhi mvua zikiwepo, na akishuka anapitia njia ya mbali asikanyage karibu na chemchemi. Kila akimaliza upande mmoja, ule aliouanza umeshaota tena. Fridolin humpita na pikipiki, humpigia honi kwa upendo, humwambia apumzike, anajichosha bure.

Nikainama nikang'oa pamoja naye, kwa kadiri mgongo ulivyokubali. Baadaye nikamuuliza ataendelea hivi mpaka lini.

"Mpaka nitakapokufa," akasema, akakung'uta mche mwingine. "Halafu Fridolin atauza nguzo."